Mpapai wa Kitovu

Mama yangu alikuwa na sheria moja kuhusu ardhi: huchimbwa kwa sababu mbili tu, kisima au kaburi. Anayechimba kwa sababu nyingine, alisema, ama amepoteza kitu ama amepoteza akili. Kwa hiyo alipofika kwangu Garissa kutoka Hadado, huko Wajir, kuja kunitunza baada ya kujifungua, akakuta shimo la kimo cha magoti kwenye ua wa nyuma, alisimama ukingoni na kifurushi chake bado mkononi akauliza nani amefariki.

"Ni la mpapai, hooyo," nikamwambia. Hooyo kwetu Wasomali ni mama.

"Kumbe siku hizi papai huzikwa."

Hapo hata salamu hatujamaliza. Mimi nilikuwa na mshono unaoniuma, binti mchanga begani, na hasira ambazo hata siku za afya njema hukaa karibu na ulimi. Nikamwambia aingie ndani anywe chai, shimo halijamwita mtu. Alicheka mpaka akakaa chini. Ndivyo tulivyo mimi na mama. Asiyetujua hudhani tunagombana.

Mimi hupenda tunda nililolichuma mwenyewe. Nina mlimao mmoja, nina migomba penye maji yanayotoka bafuni, kwa sababu kwetu wali usio na ndizi pembeni ni chakula cha mgonjwa, na mwaka ule nilikuwa nimeotesha miche minne ya mipapai kwenye makopo ya maziwa ya unga. Shimo alilichimba mume wangu kabla sijajifungua, akalijaza nusu samadi ya mbuzi iliyokaa mpaka ikapoa, kisha akarudi barabarani. Yeye ni dereva wa lori la maji, huyapeleka Dadaab. Nyumba ya mwenye lori la maji ndiyo yenye mapipa makavu, wanawake wenzangu wanajua.

Kwetu mama wa mzazi huja kwa siku arobaini. Anakupikia, anakukanda, anakuogeshea mtoto, anakukosoa, kisha anarudi kwake. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini nani angethubutu kumpa mama yangu jembe?

Lakini mama hakuja kulea tu. Kwenye ukoo wetu, mtoto akizaliwa na kitovu chake kikifungwa, mkubwa wa familia humtajia mnyama. Aliye na uwezo hutaja ngamia, asiye nao hutaja mbuzi. Lazima awe jike, kwa sababu jike huzaa, na atakachozaa ni mali ya mtoto, na watakachozaa wale ni mali yake pia. Mtoto akianza kutembea, tayari kuna kitu chake kinachotembea mbele yake. Mimi nilitajiwa mtamba wa ngamia, mweupe, mwenye hasira kama zangu, na nimekua na kusoma kwa maziwa na ndama wa yule mnyama. Mama alikuwa amewatajia watoto wote wa kaka zangu. Kisha ukaja ukame ambao hakuna mtu wa Wajir anayehitaji kuelezwa, na ulipopita, zizi la mama lilibaki miiba tu.

Binti yangu akazaliwa baada ya hapo. Kitovu chake kilipoanguka, mama alikifunga kwenye pembe ya shela yake, akakaa nacho. Siku nzima hakunikosoa, nikajua anaumwa.

"Mtoto huyu ameingia duniani mikono mitupu," akasema mwishowe, "na mimi bibi yake nipo hai."

Nikamwambia mtoto ana baba, ana mama, na ana kadi ya hospitali. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya mji asioujua. Niliumia. Ningeweza kununua mbuzi mwenyewe, lakini zawadi ile haina maana ikitoka kwa mama wa mtoto. Ni ya mkubwa, ni neno lake kwa kizazi kinachokuja. Mama alikuwa na neno lakini hakuwa na kwato hata moja ya kulisimamisha.

Asubuhi moja nilimkuta amechuchumaa mbele ya makopo yangu ya miche.

"Hii inazaa baada ya muda gani, hooyo?" akauliza. Kwetu mama humwita mwanawe kwa jina lilelile analoitwa yeye.

"Ikitunzwa, mwaka ukizunguka unakula papai."

"Halafu?"

"Halafu inaendelea kuzaa tu, bila kupumzika."

"Na watoto wake?"

"Papai moja lina mbegu za kujaza viganja viwili."

Ngamia hubeba mimba zaidi ya mwaka, akazaa mmoja, na huyo mmoja fisi anamtaka. Nilimwona mama akilipima jambo lile kutoka pande zote, na uso wake ukianza kukunjuka.

Nikaona nimweleze ukweli mapema. Mpapai una dume na jike, nikamwambia, na dume halizai. Hakuna anayejua mche ni upi mpaka utoe maua, ndiyo maana watu hupanda mitatu shimo moja, kisha wakang'oa madume. Mama alicheka kicheko cha kunihurumia.

"Mimi niliyekuwa namwona ngamia kule mbali, nikajua ana mimba na ni ya lini? Mimi nishindwe na jani?"

Akaizunguka ile miche. Akaibonyeza mashina, akainua majani akachungulia chini, akarudi nyuma hatua mbili akaitazama inavyosimama. Kisha akaweka mkono juu ya mche mnene kuliko yote.

"Huyu. Ana shingo ya jike."

Nilipotaka kuupanda pamoja na mingine, kwa tahadhari, alikataa katakata. Mnyama wa mtoto hachangii zizi, akasema. Miche mitatu iliyobaki akampakilia mume wangu kwenye lori, zawadi kwa jamaa zetu wa Dadaab, ili hata nisipate nafasi ya kuurudia mjadala. Nami nikanyamaza, jambo ambalo mume wangu bado huwasimulia watu.

Zawadi ile hutajwa mbele ya mashahidi. Mama akamwita jirani yetu, mwanamke wa Kitui, fundi wa cherehani, ambaye ua wake na wetu hutenganishwa na ukuta wa kimo cha kifua. Na mama, akizungumza Kiswahili, ulimi wake huigeuza p kuwa b bila kuomba ruhusa. Akakifungua kile kitovu kutoka kwenye shela, akakiweka shimoni, tukausimamisha mche juu yake.

"Hii babai ni ya mtoto," akatangaza. "Leo na kesho. Hakuna mtu nauza, hakuna mtu nakata. Umesikia?"

"Nimesikia, shosho," jirani akajibu kwa adabu, kama anayemwitikia bibi yake.

Sherehe ilikuwa imekwisha, lakini mama alikuwa ameshachungulia ng'ambo ya ukuta. Kwa jirani kulikuwa na mpapai mzee aliourithi kwa mpangaji aliyehama. Kila msimu ulitoa maua kwenye shina, ukatunga vipapai vya ukubwa wa kidole gumba, kisha vyote vikaanguka.

"Ile yako ni tasa," mama akamwambia. "Uza."

"Nani atanunua mti, shosho?"

"Basi chinja."

Mvua za deyr, zile za mwisho wa mwaka, zilianza juma lilelile, na mama akaona ni dalili njema. Zilipokatika, kazi ikaanza. Garissa mbuzi hawana mwenyewe mchana; wanatembea barabarani kama watu wa ofisi na wanaingia popote penye jani. Mama akaleta matawi ya mathenge, ule mti wenye miiba mirefu kuliko sindano za jirani, akauzungushia mpapai boma la duara lenye mlango wa tawi moja, sawasawa na zizi la ndama. Jioni aliufunga mlango ule. Asubuhi aliufungua. Nilimuuliza mpapai utakwenda malishoni saa ngapi, akaniambia niende nikanyonyeshe.

Siku arobaini zikaisha na hakuna aliyezitaja. Nilirudi kazini, mama akabaki na watoto wawili, mmoja mgongoni na mmoja ndani ya miiba.

Kisha jilaal ikatushukia, kiangazi kile cha mwanzo wa mwaka ambapo hata kivuli kina joto. Maji tulinunua kwa mwenye mkokoteni wa punda, mtungi kwa mtungi, na ya kumwagia miti hayakuwepo. Migomba ilikunja majani. Mlimao ukapukutisha maua yote. Mpapai nao ukaanza kulegea, na hapo mama akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka peke yangu: alihamisha mahali pa kutawadhia. Akaweka kigoda ndani ya boma la miiba, akachimba kifereji kidogo kwa kijiko cha upawa, na tangu hapo kila udhu wa nyumba ile, wa sala tano, ulifanyiwa miguuni pa mpapai. Maji yale hayana sabuni. Mume wangu alirudi kutoka Dadaab akiwa na tangi tupu na vumbi mpaka kwenye kope, na kabla hajavua viatu akaelekezwa kwenye kigoda. Wageni waliokuja kumwona mtoto walipewa birika na kuonyeshwa mlango wa miiba. Bwana mmoja mwenye kanzu nyeupe sana alitoka humo na mkono wa kanzu umebaki kwenye mathenge, na mama akamwambia Mungu atamlipa.

Wakaja wadudu weupe kama pamba, wakajibandika chini ya majani. Mimi nilikuwa tayari kununua dawa. Mama aliwatoa mmoja mmoja kwa kucha, kama anavyotoa kupe kwenye sikio la ngamia, na huku akiwatukana ukoo wao. Kisha akayapangusa majani kwa kitambaa chenye maji ya majivu. Nilikuwa narudi kazini namkuta anamwimbia mtoto na mti kwa pamoja, nami nilifurahi kupita kiasi. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu ngamia walipokwisha.

Mvua za gu, zile za masika, zilipowadia, shida ikageuka. Kiangazi tulililia maji, sasa maji yalituama uani, na mpapai ukisimama kwenye maji shina huoza kama ndizi iliyosahauliwa. Tulitoka wote na mvua yetu mgongoni, mimi na jembe, mama na upawa wake, mume wangu na sururu, tukachimba mtaro mpaka barabarani. Jirani alitutazama kutoka dirishani, cherehani ikiwa imenyamaza, kisha akaja na sufuria akasaidia kukumba. Mpapai haukuinama hata kidogo. Ulikuwa umenipita kimo.

Ndipo ukatoa maua.

Niliyaona mimi kwanza, asubuhi, nikienda kuanika nguo. Maua ya mpapai jike hukaa karibu na shina, manene, moja moja. Haya yalining'inia kwenye vikonyo virefu, vishada vya vijiua vyembamba vinavyocheza na upepo, mamia. Nilisimama na nguo ya mtoto mkononi nikatafuta la kusema, na mama akanikuta hapo, na mimi mwenye ulimi usio na breki nikatamka methali iliyokuwa karibu: ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume.

Mama hakuhitaji kuelezwa. Alivitazama vile vishada kwa muda mrefu.

"Nimempa mtoto dume," akasema.

Natamani angenitukana. Aliingia ndani, akaanza kukunja nguo zake. Mtoto alimfuata akitambaa, akazitoa kifurushini moja baada ya nyingine, na mama akazirudisha moja baada ya nyingine.

"Hooyo, ni mti tu," nikamwambia.

"Kwako ni mti. Mimi nilitamka neno mbele ya watu. Nikifa, mjukuu wangu ataambiwa bibi yake alimtajia kitu kisichozaa." Alikifunga kifurushi. "Nitarudi Hadado. Kazi niliyokuja kuifanya imenishinda."

Kilichomzuia ni barabara tu. Mvua zilikuwa zimekata njia ya Wajir na magari yalikuwa yamelala matopeni. Akabaki, lakini kama mtu aliyeketi kituoni akingoja basi. Alihamisha kigoda cha udhu, akakirudisha mlangoni. Lile boma la miiba hakulifungua tena asubuhi wala kulifunga jioni. Jirani alikuja na nyundo na msumari wa inchi nne, akasema kwao husemwa ukimpigilia msumari mpapai dume, hushtuka ukaanza kuzaa.

"Wewe nikikubigilia msumari utazaa?" mama akamuuliza.

Jirani akaurudisha msumari mfukoni. Nikashauri basi tuukate, tupande mwingine, mitatu shimo moja kama watu wenye akili. Mama alikataa hilo pia. Zawadi haichukuliwi, akasema, hata ikiwa mbaya. Itakaa hapo, na yeye hatakuwepo kuitazama. Nilikwenda jikoni nikalia kidogo, kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimemzoea.

Barabara ilikuwa imeanza kukauka jirani alipoita kutoka ng'ambo ya ukuta. Hakuwa na kawaida ya kupaza sauti. Tulikwenda, mama akiwa amembeba mtoto.

"Njooni mwone," akasema. "Mimi sielewi."

Mpapai wake mzee, ule tasa, ulikuwa umetunga kama kila msimu. Ila safari hii vipapai havikuanguka. Vilikuwa vimepita ukubwa wa kidole gumba, vimefikia ngumi ya mtoto, vimejipanga kuzunguka shina juu mpaka chini, vya kijani, vigumu. Jirani alisema alikuwa amedhani ni kijicho kilichoondoka.

Mama alikuwa anatazama juu. Nyuki walikuwa kwenye vishada vyetu, wanafanya fujo yao, kisha wanapaa, wanavuka ukuta, wanaingia kwenye maua ya mpapai wa jirani, wanarudi. Aliwafuata kwa macho kwenda na kurudi, mara nyingi. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nikadhani analia, kumbe anacheka.

"Hooyo," akaniambia kwa Kisomali, "sisi ni wajinga. Ule mti haukuwa tasa. Ulikuwa mjane." Akafuta macho kwa pembe ya shela. "Kundi zima la ngamia huhitaji fahali mmoja. Watu hutembea mchana kutwa na majike yao kumfuata fahali mzuri. Na mimi nilitaka kukimbia kwa aibu, na mjukuu wangu ndiye mwenye fahali."

Nilimkumbatia pale pale ukutani, mtoto katikati yetu akilalamika. Sijui lini nimefurahi kama siku ile.

Mama hakupoteza muda. Alivaa shela yake nzuri, akazunguka kwa mlango wa mbele kama mtu anayekwenda kuposa, akaketi kwa jirani akasubiri chai. Mimi nilifuata ili nitafsiri, lakini sikuhitajika.

"Wale watoto," akasema, akionyesha vipapai, "baba yao iko kwangu."

"Na mama yao yuko kwangu, shosho," jirani akajibu. "Na ndiye aliyebeba mimba. Baba alifanya nini zaidi ya kusimama?"

Mama akakubali kwamba hilo ni kweli na kwamba ndivyo ilivyo kila mahali. Wakacheka mpaka chai ikapoa. Mapatano yalikuwa mepesi: la kwanza kuiva ni la mtoto, na mbegu zote za hilo la kwanza ni za mtoto, wazae wanachozaa. Jioni ile kigoda cha udhu kilirudi ndani ya boma. Kifurushi kilifunguliwa, na sikuuliza.

Papai lile liliiva wakati upepo wa vumbi ulipotulia na mawingu ya deyr yalipoanza kukusanyika tena upande wa mto. Jirani alilileta kwenye sinia, limefunikwa kwa kitambaa kilichobaki kwenye gauni la mtu. Binti yangu alikuwa ameshaanza kusimama. Mama alimkalisha mapajani, akalipasua, akamlisha kipande cha kwanza kwa vidole vyake, na mtoto akakunja uso, akafikiri, akafungua mdomo tena. Mbegu mama hakumruhusu mtu kuzigusa. Alizisugua kwa majivu, akazianika kwenye ungo, akazilinda dhidi ya kuku.

Mbegu zikaota kwenye makopo, na mvua ilipokuwa karibu kabisa, kaka yangu alikuja kutoka Hadado kumchukua mama. Watu wa nyumbani walikuwa wanauliza. Aliondoka kwa siku arobaini na mjukuu sasa anatembea. Nilimpeleka kaka ua wa nyuma. Mama alikuwa ndani ya shimo, jembe mkononi, jembe ambalo hakuna mtu aliyempa, na pembeni mashimo mengine mawili yalikuwa tayari, kila moja na makopo matatu ya miche yakilingoja. Mtoto alikuwa anachota udongo uliotolewa na kuurudisha.

Kaka yangu akasimama ukingoni na mfuko wake bado mkononi. "Hooyo, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," mama akasema bila kuinua kichwa. "Sogea, unasimama juu ya zizi la mtoto."

"Nimekuja kukuchukua. Siku arobaini zimeisha zamani."

Mama akainuka, akauegemea mpini wa jembe, akanitazama mimi kwanza, kisha mpapai uliokuwa ukitikisa vishada vyake juu ya ukuta.

"Umehesabu vibaya," akamwambia. "Shika hiyo sururu."